Njia ya Mdeki: Nini Kinaharibu Mtutu wa .22?

Bunduki ndogo ya .22 ina uwezo wa kuishi muda mrefu kuliko mwenyewe. Risasi yake hubeba baruti isiyofika gramu 0.15, kichwa chake ni madini laini ya risasi yenye uzito wa gramu 2.6 hivi, na mgandamizo unaotokea ndani ya chemba hauzidi sana megapaskali 165. Bunduki ya kuwindia ya .308 Winchester, kwa upande wake, huchoma karibu gramu 3 za baruti kwa kila risasi, mgandamizo wake hupita megapaskali 420, na kichwa cha risasi kimevishwa koti la shaba. Huko moto hula chuma cha mbele ya chemba hadi usahihi unapotea baada ya risasi elfu kadhaa. Kwenye .22 moto wa namna hiyo haupo. Mtutu wa feleji nzuri unaweza kupitisha makumi ya maelfu ya risasi na mifereji yake ikabaki na makali.

Hata hivyo mitutu ya .22 inaharibika, tena mapema. Inaharibika mdomoni, pale kichwa cha risasi kinapoagana na chuma, na inaharibika mwanzoni mwa mifereji, mbele tu ya chemba. Ukiingiza kamera nyembamba ya kuchungulia ndani, mara nyingi alama unazoziona ni za fimbo iliyosuguliwa upande mmoja, za viungo vya mdeki (fimbo ya kusafishia) wa kuunganisha, za brashi iliyolazimishwa kugeuka katikati ya safari. Mdhaniaye ndiye kumbe siye. Mwenye bunduki analaumu aina ya risasi, darubini, upepo, hatimaye bega lake mwenyewe, na kumbe kilichomharibia kimo ndani ya sanduku la vifaa vya usafi.

Kwa muda mrefu wapiga shabaha wamegawanyika juu ya swali moja: mtutu wa .22 usafishwe mara ngapi? Wapo wanaosafisha kila baada ya risasi 25, na wapo wanaojisifu kwamba hawajawahi kuingiza kitambaa. Naamini swali hilo limetangulizwa kabla ya wakati wake. Linalopaswa kuja kwanza ni hili: kinachoingia ndani ya mtutu kinapita njia gani? Anayesafisha mara chache kwa njia mbovu anaharibu polepole, na anayesafisha kila siku kwa njia mbovu anaharibu kwa bidii. Bomba la mwongozo, kifaa rahisi kinachowekwa mahali pa bolti ili kuushika mdeki katikati, ndilo linaloamua njia hiyo. Na kwenye .22 bomba hilo lina ugumu ambao wenye bunduki kubwa hawakutani nao.

Uchafu wa .22 si uchafu wa bunduki kubwa

Risasi ya .22 Long Rifle ilizaliwa Marekani mwaka 1887 katika kiwanda cha J. Stevens, na umbo lake halijabadilika sana tangu hapo. Haina fataki ya katikati ya kitako kama risasi za bunduki kubwa. Fataki yake hutiwa ndani ya ganda ikiwa na unyevu, kisha ganda huzungushwa kwa kasi hadi mchanganyiko ule uingie kwenye ukingo wa kitako. Pini hupiga ukingo huo, ukingo unabonyea, fataki inawaka. Ili iwake kwa urahisi inapobanwa, viwanda vingi huchanganya ndani yake kioo kilichosagwa. Kichwa cha risasi nacho hakina koti nene. Hupakwa nta au shahamu ili madini yake laini yasigande kwenye chuma.

Kwa hiyo kinachobaki ndani ya mtutu ni mchanganyiko wa vitu vyenye tabia tofauti: nta, masizi ya baruti, chembe za madini ya risasi, na mabaki ya fataki pamoja na kioo chake. Nta ni rafiki. Tabaka lake jembamba, lililolala sawasawa kutoka chemba hadi mdomoni, ndilo linaloufanya mtutu upige mahali pamoja. Masizi ya fataki ndiyo adui, na adui huyu hakai kila mahali. Hujikusanya pale ganda linapoishia na mifereji inapoanza, yakashindiliwa na joto na mgandamizo hadi yakawa pete ngumu ya kaboni. Kitambaa kilicholowa dawa kinapita juu ya pete hiyo kikatoka cheusi, kinachofuata kikatoka cheupe, na mwenye bunduki akaridhika huku pete imebaki pale pale.

Bunduki za mashindano ndizo zinazoumia zaidi. Chemba zake zimebanwa makusudi, kiasi kwamba bolti ikifungwa kichwa cha risasi kinagusana na mwanzo wa mifereji. Pete ikinenepa, risasi inaanza kuingia kwa kusukumwa, kichwa chake kinachubuka kabla hakijapigwa, na matundu kwenye shabaha yanatawanyika bila sababu inayoonekana. Mafundi wanaochungulia mitutu iliyotumika sana hukuta pia chuma kilichochakaa upande wa chini tu, mbele ya chemba. Wengi wao hukitaja kioo cha fataki: huanguka, kikalala chini, na risasi inayofuata ikakiburuza juu ya chuma.

Hapa inafaa kueleza ile hofu ya kutu iliyotufikia kwa urithi. Hadi mwishoni mwa miaka ya 1920 fataki nyingi zilikuwa na kloreti ya potasiamu. Ikiungua, huacha chumvi inayovuta unyevu wa hewani, na mtutu ambao haukusafishwa jioni uliamka na kutu. Majeshi ya Kiingereza, ikiwemo King's African Rifles ya huku kwetu Afrika Mashariki, yalibeba Lee-Enfield yenye tundu ndani ya kitako. Humo kulikaa kopo la mafuta na kamba yenye kipande cha shaba kwa ajili ya kuvuta kitambaa. Kusafisha siku ile ile ilikuwa amri, na ilikuwa amri ya haki. Lakini majeshi hayo hayo yalijua kwamba kamba ikivutwa kwa kupinda inachimba mfereji kwenye mdomo wa mtutu, yakawaonya askari waivute kwa kunyoosha. Baadaye Remington wa Marekani na viwanda vya Ujerumani walileta fataki zisizoacha chumvi, na risasi za .22 za leo ni za namna hiyo. Sababu ya haraka iliondoka. Haraka yenyewe ilibaki, ikirithishwa na wazee waliofundishwa kwa risasi za zamani, na onyo la njia iliyonyooka likasahaulika.

Mdeki unavyoumiza

Mdeki wa .22 ni fimbo yenye unene wa milimita 5 hivi, na mara nyingi urefu wake unakaribia mita moja. Fimbo nyembamba na ndefu kiasi hicho, ikisukumwa dhidi ya kitambaa kinachobana, haina budi kupinda. Tumbo la pindo hilo hugusa matuta yaliyo kati ya mifereji, na kwa kuwa mkono wa mtu mmoja husukuma kwa namna ile ile siku zote, mguso huangukia sehemu zile zile. Kugusa kwa mara moja hakuonekani. Mara elfu kunaonekana.

Ubaya mkubwa zaidi ni kusafisha kutoka mdomoni. Kichwa cha risasi kikiachana na mtutu, gesi iliyo nyuma yake hutoka kwa nguvu. Kama ukingo wa mdomo uko sawa pande zote, gesi hutoka sawa na kichwa kinaendelea na njia yake. Kama umelika upande mmoja, hata kwa kiasi ambacho jicho halioni, gesi hutangulia kutoka upande huo na kukisukuma kitako cha risasi. Kwenye mashindano ya kimataifa ya mita 50, duara la alama 10 lina kipenyo cha milimita 10.4, wakati risasi yenyewe ina milimita 5.6. Nafasi ya kukosea ni ndogo kuliko unene wa kidole, na mdomo uliolika unaimaliza yote kabla mpigaji hajavuta pumzi.

Kuhusu mdeki uwe wa kitu gani, ubishi ni mwingi. Alumini na shaba ya njano ni laini kuliko feleji, na wengi wakasema basi ni salama. Sikubaliani nao kirahisi. Kitu laini hushika chembe za mchanga na kioo, zikajizika ndani yake, na kuanzia hapo unasukuma tupa. Mdeki wa kipande kimoja, wa feleji iliyong'arishwa, au uliovikwa plastiki ngumu, au wa nyuzi za kaboni, ukifutwa kwa kitambaa kila unapotoka, ni bora. Mideki ya kuunganisha vipande vitatu, inayouzwa ndani ya visanduku vya bei nafuu, ina kingo kwenye kila kiungo na hujipinda papo hapo kiungoni. Mshikio uwe unazunguka wenyewe kwenye gololi, ili kitambaa kifuate msokoto wa mifereji. Kwenye .22 Long Rifle msokoto huo hukamilisha mzunguko mmoja kila inchi 16, yaani sentimita 40.6.

Bomba lenyewe, na tatizo la milimita chache

Bomba la mwongozo ni mrija wa plastiki ngumu au alumini. Unatoa bolti, unaingiza mrija nyuma ya bunduki, ncha yake inakaa kwenye chemba, na mdeki unapita ndani yake. Linafanya kazi tatu kwa pamoja. Linaushika mdeki katikati usipinde mwanzoni mwa safari. Linazuia ncha ya mdeki kugonga mdomo wa chemba inapoingia. Na linazuia dawa ya kusafishia isichuruzike kwenda kwenye kifyatulio au kwenye mbao za kitako, ambako hugeuka utomvu wa kunata na kuuvuruga ulaini wa kifyatulio. Kazi hii ya tatu haisemwi sana, lakini bunduki nyingi zenye kifyatulio kizito kisichoeleweka zimelishwa dawa kwa miaka.

Kwenye bunduki kubwa jambo hili ni rahisi. Chemba ya .308 ina kipenyo cha milimita 12 hivi upande wa nyuma, na njia ya risasi ina milimita 7.62 kati ya matuta. Kuna nafasi ya kutosha kuingiza ncha nene ya bomba hadi ndani kabisa, na kuifunga kwa ringi ya mpira isiyopitisha dawa. Mdeki unatoka kwenye bomba ukiwa tayari umeelekea katikati ya mifereji.

Sasa njoo kwenye .22. Ganda lake lina kipenyo cha milimita 5.7, na chemba ni pana kuliko ganda kwa kiasi cha unywele. Njia ya risasi kati ya matuta ni milimita 5.5. Yaani chemba na mtutu karibu vinalingana. Ukichukua mdeki wa milimita 5 na kutaka kuuzungushia ncha inayoingia chembani, ukuta wa ncha hiyo utabaki na unene wa milimita 0.35 kila upande, na hapo bado hujaacha nafasi ya mdeki kuteleza wala ya kitambaa. Plastiki ya unene huo hupasuka. Chuma cha unene huo hupinda, kikajikwaruza kwenye chemba, yaani kinaleta dhara ambalo kilinunuliwa kulizuia.

Ndiyo maana mabomba mazuri ya .22 hayajaribu kuingia ndani ya chemba. Yanajiweka sawa kwa kuujaza mwili wa bunduki, ile njia ambayo bolti hupita, na ncha yake inaegemea uso wa nyuma wa mtutu, tundu lake likitazamana na mdomo wa chemba. Usahihi wote wa mwelekeo unatoka kwenye jinsi bomba linavyolingana na mwili ule. Na mwili huo hutofautiana sana. Bomba lililotengenezwa kwa ajili ya CZ kutoka Uherský Brod halitakaa kwenye Anschütz ya Ulm, na modeli mbili za kiwanda kimoja zinaweza kuhitaji mabomba mawili. Yale mabomba ya "kila bunduki", yenye mpira laini na vipande vya kubadilisha, hukaa mahali pake kwa kubanwa tu. Yakicheza kwa nusu milimita upande wa nyuma, ncha ya mdeki haielekei tena katikati, inaelekea ukuta. Mtu anaona bomba limo, anatuliza moyo, anasukuma. Kwa maoni yangu bomba linalocheza ni hatari kuliko kutokuwa na bomba, kwa sababu asiye na bomba angalau huongoza ncha kwa kidole na kwa macho.

Jambo la kupima kabla ya kununua ni rahisi. Bomba likiingia, lisiyumbe unapolitikisa. Liegemee mtutu bila kulazimishwa. Mdeki mtupu upite kutoka nyuma hadi mdomoni bila kugusa mahali ambapo mkono unasikia mkwaruzo. Ukisikia mguso pale chemba inapoanza, acha. Kagua kwanza mdomo wa chemba, kwa sababu bunduki nyingi za .22 zilizofyatuliwa mara kwa mara bila risasi zina kidonda hapo. Pini inapokosa ukingo wa ganda hupiga chuma cha mtutu, ikasukuma kinundu kuelekea ndani ya chemba. Kinundu hicho kinachana vitambaa na kinazuia maganda kutoka. Hakuna bomba litakalokiponya. Ni kazi ya fundi.

Na bado kuna mgongano ambao kila anayesafisha .22 lazima auelewe. Pete ya kaboni, sehemu inayohitaji kazi zaidi, iko mwendo wa ganda moja tu kutoka bomba linapoishia. Kwenye bunduki kubwa ncha ya bomba husogea hadi karibu na sehemu hiyo na kuilinda. Kwenye .22 mdeki unafika pale baada ya kupita chemba nzima bila kushikwa na kitu. Kwa hiyo usafi wa pete hauwezi kutegemea nguvu ya kusugua. Unategemea muda: kitambaa kilicholowa dawa ya kuyeyusha kaboni kinasimamishwa pale pale, dawa inaachwa ifanye kazi yake kwa dakika zilizoelekezwa na mtengenezaji wake, kisha brashi ya shaba nyeusi inapita taratibu mara chache. Wenye haraka huzungusha brashi mbele na nyuma papo hapo kama wanaosugua sufuria iliyoungua, na huo ndio mwanzo wa mtutu kuwa mpana upande mmoja.

Bunduki zisizofunguka nyuma

Ruger 10/22, iliyotoka mwaka 1964 na kuwa moja ya .22 zinazojulikana zaidi duniani, imefungwa kwa nyuma. Bolti yake hurudi ndani ya kisanduku kisicho na tundu, na mdeki hauwezi kuingia kutoka nyuma mpaka mtutu ufunguliwe. Mafundi wengine hutoboa tundu upande wa nyuma wa kisanduku hicho, na kwa anayeshindana nadhani ni uamuzi wa busara. Bunduki nyingi za kukokota, zile zenye wenzo chini ya kifyatulio, zina tatizo hilo hilo.

Kwa hizi, kamba ya kuvuta ndiyo njia ya heshima. Waya laini uliovikwa plastiki unaingizwa kutoka chembani, unatokea mdomoni, kitambaa kinavutwa kuelekea mbele kama risasi inavyokwenda. Masharti ni yale yale ya Lee-Enfield: vuta kwa kunyoosha, usiruhusu kamba kuegemea ukingo wa mdomo. Zile kamba nene zilizofumwa pamoja na brashi ni nzuri safarini, lakini zinabeba uchafu wa jana hadi leo zisipofuliwa, na zikikatika ndani ya mtutu kuzitoa ni kazi ya fundi yenye gharama. Asiye na budi kutumia mdeki kutoka mdomoni atafute kifuniko chenye tundu la katikati kinachovikwa mdomoni ili mdeki usiguse ukingo. Kinafaa, ingawa uchafu wote unasukumwa kuelekea kwenye bolti na magazini, na lazima navyo visafishwe baadaye.

Kazi ikifanywa kama inavyopasa

Magazini itolewe kwanza, bolti ifunguliwe, na chemba ikaguliwe kwa macho na kwa ncha ya kidole. Hakuna ujuzi unaomwondolea mtu wajibu huo. Kisha bunduki ilazwe kwenye kiegemeo, mdomo ukiinama kidogo kuliko nyuma, ili dawa itiririke kwenda mbele. Bolti itolewe, bomba liwekwe.

Kitambaa cha kwanza kiwe na dawa kidogo, kisukumwe kwa mwendo mmoja hadi kitokeze mdomoni na kudondoka. Hapo ndipo wengi hukosea: wanakivuta kirudi. Kikirudi, kinarudisha uchafu hadi chembani, na ncha ya chuma iliyokishika inakwaruza ukingo wa mdomo. Kitambaa kidondoke, ncha irudishwe taratibu ikiwa tupu, mdeki ufutwe. Vitambaa viwili vitatu vya dawa, subira, kisha vikavu hadi kitoke kitambaa kilichofifia tu. Brashi haihitajiki kila mara. Ikitumika, ipite yote hadi nje kabla ya kurudi, kamwe isigeuzwe ndani. Brashi ya chuma cha pua isiguse kabisa mtutu wa .22.

Dawa kali za amonia zilizotengenezwa kwa ajili ya kuyeyusha shaba hazina kazi kubwa hapa, kwa kuwa risasi nyingi za .22 hazina shaba, na zile zilizopakwa shaba zina tabaka jembamba sana. Kitambaa kikitoka na rangi ya buluu, mara nyingi shaba inayoyeyuka ni ya brashi au ya ncha ya mdeki yenyewe. Nchini Ujerumani wapiga shabaha wengi wamehamia kwenye vipande vidogo vya manyoya yaliyoshindiliwa, vinavyojaza mtutu sawasawa pande zote kuliko kitambaa kilichokunjwa. Nimevipenda, hasa kwa ile mitutu iliyotengenezwa ikiwa imebana kidogo karibu na mdomo.

Mwisho chemba ikaushwe. Mafuta yaliyobaki humo hubadilisha jinsi ganda linavyoshikamana na kuta zake, na mafuta yaliyobaki kwenye mtutu hutupa risasi za kwanza mbali. Kisha mtu achungulie kutoka nyuma kuona mwanga hadi mdomoni. Kitambaa kilichosahauliwa ndani ni kizuizi, na risasi ikikikuta inaweza kuutia mtutu uvimbe usiotibika.

Basi mara ngapi?

Baada ya njia kunyooka, swali la wote linakuwa jepesi. Mtutu uliosafishwa hadi chuma hupoteza ile nta ya kirafiki, na risasi za kwanza zinatawanyika hadi tabaka lirudi. Mitutu mingine hutulia baada ya risasi tano, mingine inadai ishirini au zaidi, na ukibadilisha aina ya risasi, nta ya kiwanda kimoja inapolazimika kufuta nta ya kingine, kungoja kunarefuka. Hilo ndilo wanaloliona wasiosafisha, na wameliona vizuri. Wasicholiona ni kwamba pete ya kaboni inaendelea kukua wakati mtutu wote ukiwa umetulia.

Uamuzi wangu ni kutenganisha kazi mbili ambazo kwa desturi hufanywa kama moja. Eneo la mbele ya chemba lisafishwe mara kwa mara: kwa anayeshindana, baada ya kila siku ya kupiga, kwa mwindaji wa kanga na kwale, kila baada ya risasi mia chache. Mtutu wote usafishwe pale tu usahihi unapoanza kushuka, au unapobadilisha aina ya risasi, au umelowa mvua, au unakwenda kuhifadhiwa. Anayepiga kwenye meza kwa ushindani wa tundu moja juu ya jingine atasafisha zaidi, na ana haki, maadamu anajua mtutu wake unahitaji risasi ngapi kutulia.

Hewa ya mahali nayo ina kauli. Mombasa, Tanga na Unguja, ambako upepo wa bahari huleta chumvi hadi ndani ya kabati, mtutu uliosafishwa hadi chuma na kuachwa mkavu utashika kutu haraka kuliko ule uliobakiwa na nta yake. Anayeishi pwani apitishe kitambaa chenye mafuta kidogo kila anapoweka bunduki, na kikavu kila anapoitoa. Ala ya ngozi isitumike kuhifadhia, kwani hushika unyevu. Mwenye bunduki wa Nakuru au Iringa ana nafasi kubwa zaidi ya kusubiri.

Jambo moja halina ubishi, nalo linahusu mwili wa binadamu. Vitambaa vinavyotoka ndani ya .22 vimejaa madini ya risasi, ya kichwa na ya fataki, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha madini hayo mwilini kinachojulikana kuwa salama. Watoto ndio wanaodhurika zaidi. Kazi hii isifanyike jikoni wala kwenye meza ya chakula, dirisha liwe wazi, glavu zivaliwe, mikono ioshwe kwa sabuni na maji baridi kabla ya kushika kitu kingine, na vitambaa vifungwe ndani ya mfuko, visichomwe. Moshi wake unarudisha madini yale yale hewani.

Kwa mwenye leseni wa huku kwetu mtutu mpya si kitu cha kununua dukani leo na kufunga kesho. Kuuagiza kunahitaji vibali, fundi anayejua kuufunga yuko mbali, na bunduki nyingi za .22 zilizopo ni za miaka mingi, zimetoka kwa baba au babu. Ukiwa na fedha ya vifaa vichache tu, usianze na dawa ya bei kubwa. Nunua mdeki wa kipande kimoja na bomba lililotengenezwa kwa modeli ya bunduki yako kwa jina lake, na usipolipata, tumia kamba ya kuvuta kutoka chembani mpaka ulipate. Ule mdeki wa vipande vitatu uliokuja na sanduku uuweke kando, usiuingize tena ndani ya mtutu.